Kisu cha Mfukoni na Kinoo Chake

Mjomba wangu ni mkulima wa machungwa huko Kwamsisi, wilayani Handeni, na kwa miaka mingi amekuwa akibebesha miche. Huotesha mbegu za mlimau, na miche ikifikia unene wa penseli huichanja gome na kupachika humo jicho lililotolewa katika mchungwa mtamu. Kazi hiyo yote huifanya kwa kisu kimoja kidogo. Jicho likishika, mche huuzwa; likikauka, miezi ya kumwagilia imepotea bure. Kwa hiyo kisu cha kukunja, ambacho kwa wengi wetu ni chombo cha kumenyea chungwa tuwapo safarini, kwake ni chombo cha riziki.

Nilipomaliza masomo ya shahada ya udaktari mjini Sheffield, Uingereza, nilitaka kumletea zawadi inayolingana na kazi yake. Sheffield ni mji wa visu tangu zamani. Hata mshairi Chaucer, katika karne ya 14, alimtaja mtu aliyebeba kisu cha Sheffield. Niliona si vema kutoka katika mji kama huo mikono mitupu. Nikanunua kisu cha kukunja cha daraja la juu, chenye chuma kiitwacho kwa herufi na tarakimu kama gari, kwa bei ambayo mpaka leo sijaitaja nyumbani. Mjomba alikipokea kwa mikono miwili, akajaribu makali yake juu ya nywele za mkono, akasema: "Mpwa wangu, huu ni wembe."

Mwaka uliofuata nilimkuta kitaluni akibebesha kwa kisu chake cha zamani, kilichotengenezwa na mhunzi kwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimwuliza kile kingine kiko wapi. Kilikuwa sandukuni, kimeviringwa katika kitambaa safi.

"Kilifanya kazi vizuri sana," alisema, "miche mingi kuliko kisu chochote nilichopata kushika. Kisha kikawa butu. Nikakinoa siku mbili juu ya jiwe langu, na bado kinateleza juu ya gome. Kisu chako, Daktari, kinataka kinoo cha kwao."

Nilicheka kwanza, kisha nikaona haya, kwa sababu mzee alikuwa amesema kwa sentensi moja jambo ambalo mimi, niliyesomea vyuma, nilipaswa kulifikiri kabla ya kutoa fedha. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini maneno yake ni kweli, na jinsi elimu ya fizikia na kemia ya sekondari inavyoweza kumsaidia mtu kuchagua kisu kizuri cha kukunja.

Makali ni nini

Tukikitazama kisu kikali kwa hadubini, tutaona kwamba makali si mstari mtupu bali ni ukingo wenye upana wake. Katika kisu kilichonolewa vizuri upana huo ni kama elfu moja ya milimita, au chini ya hapo. Kisu kikata kwa sababu nguvu ndogo ya mkono imekusanywa juu ya eneo dogo mno.

Mwanafunzi na afanye hesabu hii. Tuchukue nguvu ya nyutoni 20, ambayo ni sawa na uzito wa kilo mbili hivi, na urefu wa makali unaogusa gome uwe milimita 10. Ikiwa ukingo una upana wa milimita 0.001, eneo ni milimita mraba 0.01, na kanieneo ni nyutoni 2,000 kwa kila milimita mraba. Ukingo ukilika hata upana wake ukawa milimita 0.02, upana ambao bado jicho haliwezi kuuona, kanieneo hushuka hadi nyutoni 100. Mkono ni ule ule na kisu ni kile kile, lakini kanieneo imepungua mara ishirini.

Hapo ndipo kazi ya kubebesha inapoharibika. Chini ya gome la mche kuna tabaka jembamba la seli zinazogawanyika, liitwalo kambiamu, na jicho hushika pale kambiamu ya jicho inapogusana na kambiamu ya shina. Kisu kikali hupita kati ya seli na kuacha uso laini. Kisu butu huziponda, nazo seli zilizopondwa hufa na kuwa ukuta mweusi kati ya jicho na shina. Mkulima huona tu kwamba majicho yamekauka, na aghalabu hulaumu jua.

Mhunzi na kaboni

Chuma kitupu ni laini. Kikitiwa kaboni kidogo, tangu asilimia 0.5 hadi 1 hivi, kinakuwa chuma cha pua, ambacho hubadilika tabia kwa moto na maji. Mhunzi hukipasha hata kiwe chekundu, joto la nyuzi 800 za Selsiasi au zaidi kidogo, kisha hukichovya ghafla katika mafuta au maji. Kaboni iliyokuwa imeyeyuka ndani ya chuma haipati nafasi ya kutoka. Hunaswa katikati ya safu za atomi na kuzikaza. Hali hiyo mpya ya chuma huitwa matensiti, nayo ni ngumu sana, lakini ni ya kukatika kama kioo. Kwa hiyo mhunzi hukipasha tena kwa moto mdogo, nyuzi 200 hivi, mpaka uso uliosuguliwa upate rangi ya majani makavu. Ugumu hupungua kidogo na ushupavu huongezeka.

Maneno hayo mawili yasichanganywe. Ugumu ni uwezo wa kukataa kukwaruzwa au kubonyea. Ushupavu ni uwezo wa kupokea pigo au kupindwa bila kumeguka. Chuma kile kile kikiongezwa ugumu hupoteza ushupavu, na hapana mhunzi wala kiwanda kilichokwisha kuikwepa sheria hiyo kabisa. Kisu cha kubebeshea huhitaji ugumu mwingi, kwa maana hakipigwi juu ya kitu; lakini mkulima akiligeuza bapa lake ili kuinua gome, ncha iliyo ngumu mno humeguka.

Elimu hii haikuja kwetu na meli. Huko Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na chuma cha Upare kiliwafikia Wachagga. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitoa makala katika jarida la Science wakieleza ufuaji wa chuma wa Buhaya, kando ya Ziwa Viktoria, na jinsi tanuri za huko, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, zilivyoweza kutoa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua hasa. Wahunzi wa leo hawayeyushi tena mawe ya madini. Hutumia springi za magari na misumeno iliyochakaa. Hilo si jambo la kudharau. Springi ya gari ni chuma kizuri chenye kaboni ya asilimia 0.5 au 0.6, na bapa lililofuliwa na kutiwa moto ipasavyo laweza kukishinda kisu cha dukani kilichoandikwa kwa Kiingereza kuwa hakishiki kutu bila kutajwa aina ya chuma chake. Visu vingi vya namna hiyo vina kaboni ya asilimia 0.3 tu, na kwa kiasi hicho hata moto wa ustadi hauwezi kuleta ugumu wa kutosha.

Chungwa na kutu

Adui wa chuma cha kaboni ni tindikali, na Kwamsisi tindikali inaning'inia mitini. Maji ya limau au ndimu yana pH ya 2 hivi. Ya chungwa ni kati ya 3 na 4. Kisu cha kaboni kilichomenya chungwa na kuachwa bila kufutwa huwa na madoa kabla ya jioni. Kikikata ndizi mbichi au bibo huwa cheusi kwa sababu nyingine: tanini ya tunda huungana na chuma na kufanya rangi nyeusi, ambayo ndiyo iliyotumiwa kwa karne nyingi kutengenezea wino. Weusi huo haudhuru. Kutu nyekundu ndiyo inayokula makali.

Mwaka 1913, katika mji ule ule wa Sheffield, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Katika majaribio yake alipata chuma chenye kromi karibu asilimia 13, nacho kilikataa kuliwa na tindikali. Sababu yake ni kwamba kromi iliyo juu ya uso huungana na oksijeni na kufanya ngozi nyembamba mno, ya milioni chache za milimita, inayozuia hewa na maji visiendelee ndani. Ngozi hiyo ikikwaruzwa hujiponya yenyewe. Ili kazi hiyo ifanyike, hapana budi kromi iwe angalau asilimia 10.5 hivi, tena iwe imeyeyuka ndani ya chuma na isiwe imeshikwa na kaboni.

Jambo hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kromi hupenda kaboni. Zikikutana hufanya chembe ngumu ziitwazo kabidi, na kromi iliyomo katika chembe hizo haisaidii tena kuzuia kutu. Mtengenezaji anayetaka kisu kigumu huongeza kaboni. Akiongeza kaboni hupoteza kromi. Basi huongeza kromi zaidi, na kabidi zinazidi kuwa nyingi na kubwa, hata makali yanakuwa kama zege lenye kokoto: imara kwa ujumla, lakini ukingoni humeguka.

Unga wa chuma

Njia ya kutoka katika tatizo hilo ilianza kutumiwa viwandani miaka ya 1970. Badala ya kumimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu na kukiacha kipoe polepole, hukipuliza kwa gesi kikawa matone madogo yanayoganda mara moja. Kabidi hazipati muda wa kukua. Unga unaopatikana hukandamizwa kwa nguvu na joto kubwa hata ukawa kipande kimoja, chenye kabidi za elfu chache tu za milimita zilizotawanyika sawasawa. Kwa njia hiyo iliwezekana kutia vanadi nyingi, ambayo kabidi zake ni ngumu kuliko za kromi.

Ndicho chuma cha visu vya kukunja vya bei ya juu vya siku hizi. Chuma kiitwacho S30V, kilichotolewa na kiwanda cha Crucible cha Marekani mwaka 2001, kina kaboni asilimia 1.45, kromi 14 na vanadi 4. Ndugu yake S90V ana vanadi asilimia 9. Chuma cha S30V kilibuniwa kwa ushauri wa watengenezaji wa visu, mmojawao akiwa Chris Reeve, aliyetoka Afrika Kusini na kuhamia Marekani. Kisu chake mashuhuri, ambacho bei yake hupita dola 400, kinaitwa Sebenza. Wasomaji wa Kibantu huenda wakafurahi kujua kwamba neno hilo ni la Kizulu, maana yake "fanya kazi". Ingawa sina hakika kama wengi wanaokinunua hukifanyisha kazi yoyote.

Sasa turudi kwa kinoo cha mjomba. Ni jiwe la mtoni, na kinachonoa ndani yake ni chembe za mchanga, yaani kwatzi. Wataalamu hupima ugumu kwa kubonyeza kito cha almasi juu ya kitu na kupima alama inayobaki; kipimo kimojawapo huitwa Vickers. Chuma cha kisu kilichotiwa moto vizuri hupata takriban 700 katika kipimo hicho. Kwatzi hupata 1,100 hivi, na kwa hiyo jiwe la mtoni hukinoa kisu cha kaboni bila taabu. Kabidi ya kromi hupata 1,500 au zaidi. Oksidi ya alumini, ambayo ni kinoo cha kawaida cha dukani, 2,100 hivi. Kabidi ya silikoni, ile ya vinoo vyeusi, karibu 2,500. Kabidi ya vanadi hufika 2,800. Juu ya zote ni almasi, inayofika hata 10,000.

Tazama basi kilichotokea pale kitaluni. Mjomba aliposugua kisu changu juu ya jiwe lake, mchanga haukuweza kuzichonga kabidi. Ulikula chuma laini kilichozizunguka, kisha chembe zikasimama peke yake kama meno, na nyingine zikang'oka. Kilichopatikana baada ya siku mbili ni ukingo wenye mashimo. Sifa ile ile iliyokifanya kisu kisilike upesi na gome ndiyo iliyokifanya kisilike na kinoo. Maelezo ya bidhaa hutangaza nusu ya kwanza ya ukweli huu kwa maandishi makubwa. Nusu ya pili mnunuzi huachiwa aigundue mwenyewe.

Jaribio la kamba ya katani

Huko Sheffield kuna shirika la utafiti wa visu, CATRA, lililoanzishwa mwaka 1952. Mashine yake hushika kisu na kukiendesha juu ya kadi maalumu za karatasi zilizotiwa mchanga laini asilimia 5, kwa nguvu ya nyutoni 50, na kuhesabu milimita ngapi za kadi zimekatwa mpaka kisu kichoke. Katika majaribio ya namna hii jambo moja hujitokeza ambalo wanunuzi wengi hawalitaraji: kupunguza pembe ya makali, kutoka nyuzi 25 kila upande hadi 15, huongeza uwezo wa kukata kuliko mara nyingi kubadili aina ya chuma. Kisu cha chuma cha wastani kilichochongwa chembamba hukipita kisu cha chuma ghali kilichoachwa kinene.

Shule haina mashine hiyo, lakini shule za Korogwe na Handeni zina kitu ambacho wapenzi wa visu katika nchi nyingi hukinunua kwa kazi iyo hiyo, yaani kamba ya katani. Mmea wenyewe uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida ilipona 62 tu, na kutoka kwa hiyo yakazaliwa mashamba yote ya Tanga. Nyuzi za katani ni ngumu, zinafanana kwa unene, na hulegeza makali upesi. Ni kipimo kizuri.

Mwalimu achukue mizani ya jikoni, aweke juu yake kipande cha ubao, na juu ya ubao kamba ya katani yenye unene wa sentimita moja. Abonyeze kisu wima, bila kukereza, mpaka kamba ikatike, huku mwanafunzi akisoma mizani. Kilo zilizosomwa ziandikwe. Kisha akate kamba mara ishirini juu ya ubao mwingine, na kupima tena. Na hivyo hivyo mpaka mikato mia moja au zaidi. Kukata kufanywe na mwalimu peke yake, mkono wa pili ukiwa mbali na njia ya kisu, na kisu kikae katika kabati la maabara baada ya somo. Wanafunzi wachore grafu: idadi ya mikato chini, kilo pembeni. Kisu cha kaboni kitapanda haraka. Cha vanadi kitapanda polepole.

Wengi huishia hapo na kutangaza mshindi. Ningependa mwalimu aendelee. Visu vyote viwili vinolewe juu ya jiwe moja la mtoni, kwa muda ule ule, dakika tano kwa mfano, na kupimwa upya. Grafu hii ya pili ndiyo niliyoikosa mimi dukani. Kwa mtu anayenoa kila asubuhi kabla ya kazi, kama wafanyavyo wabebeshaji, kisu kinachorudi katika ukali wake kwa dakika tano kina thamani kuliko kile kinachokaa wiki nyingi kisha kikagoma.

Kwamsisi si ngeni kwa masomo ya namna hii. Katika miaka ya 1970 shule yake ya msingi ilikuwa uwanja wa jaribio la shule ya jamii lililohusiana na Chuo cha Ualimu cha Korogwe, ambapo kazi za kijiji zilifanywa kuwa sehemu ya masomo. Nimekwisha kuona maabara zenye vyombo vingi ambazo hazijapata kumpa mwanafunzi swali zuri kama lile la kinoo.

Komeo

Kisu cha kukunja kina udhaifu ambao kisu cha kawaida hakina: chaweza kujifunga juu ya vidole. Katika aina ya zamani hapana komeo. Springi iliyo mgongoni hukaza bapa, na nguvu ikizidi bapa hukunjika. Ndivyo vilivyo visu vingi vidogo vya Victorinox, kiwanda kilichoanzishwa na Karl Elsener huko Ibach, Uswisi, mwaka 1884. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890 hivi, iliongeza mwaka 1955 pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini na kulizuia bapa. Mapema katika miaka ya 1980 Mmarekani Michael Walker alistawisha komeo la bamba jembamba ndani ya mpini, linaloruka na kukaa nyuma ya bapa. Mwaka 1987 Chris Reeve akaufanya upande mmoja wa mpini wenyewe kuwa komeo, na hivyo kuliongezea unene.

Komeo zuri lipimwe hivi: fungua kisu, shika mpini bila vidole kuwa katika njia ya makali, kisha gonga mgongo wa bapa taratibu juu ya ubao. Likilegea, kisu hicho kisinunuliwe kwa bei yoyote. Hata likishika, lisiaminiwe kama ukuta. Binamu yangu mmoja ana kovu la kidole cha shahada kwa sababu alichoma nazi kwa ncha ya kisu cha kukunja na kukisukuma. Bapa halikusonga mbele, likarudi. Nazi ni kazi ya panga. Kwa kubebesha, ambapo nguvu ni ndogo na daima huelekea kwenye mgongo wa bapa, springi ya kawaida yatosha kabisa. Msafiri naye akumbuke kwamba ndani ya ndege visu hivi havikubaliwi mkononi, na kwamba katika Uingereza sheria ya mwaka 1988 humruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja kisichozidi inchi tatu za makali, lakini kisu chenye komeo hakimo katika ruhusa hiyo. Nililijua jambo hili siku niliyokuwa nimebeba zawadi ya mjomba mfukoni katikati ya mji, nikaenda nyumbani kwa mwendo wa haraka.

Kuchagua

Mtu aliye na fedha za kutosha na anayesita kati ya visu viwili vitatu vya daraja la juu, ajiulize kwanza atakinoa kwa nini. Ikiwa jibu ni jiwe la mtoni au kinoo cha dukani cha bei ndogo, basi achague chuma cha kaboni cha asilimia 0.9 au 1, au chuma kisichoshika kutu chenye kabidi chache. Opinel yenye bapa la kaboni hununuliwa Ulaya kwa dola 20 hivi na hunoleka kwa urahisi mkubwa, ila mpini wake ni wa mti, na miti hufura wakati wa masika hata kisu kikawa kigumu kufungua. Bapa la Victorinox lina ugumu wa 55 au 56 katika kipimo cha Rockwell, ambao si mwingi. Halishiki kutu, hurudi katika makali yake juu ya karibu kinoo chochote, nalo ni jema kwa mwalimu au muuguzi. Mbebeshaji atalazimika kulinoa mara kwa mara. Visu vya Tina, vinavyotengenezwa Reutlingen, Ujerumani, kwa ajili ya wakulima wa miti ya matunda, ni ghali bila kujionyesha: chuma cha kaboni kigumu, na kile cha kubebeshea huchongwa upande mmoja tu, ili upande ulionyooka ulale juu ya mti na kukata uso bapa. Kwa macho yangu huo ndio ubora wa kweli wa kisu cha kazi, ingawa hakuna ambaye angekiweka kabatini ili kisifiwe.

Vyuma vya vanadi nyingi vina mahali pake. Mwindaji, mvuvi wa bahari kuu, au mtu anayekata maboksi na kamba mchana kutwa bila nafasi ya kunoa, atapata faida. Lakini pamoja na kisu anunue kibao cha almasi, na bei ya kibao aijumlishe katika bei ya kisu kabla ya kufungua mkoba. Almasi hizo, kwa njia, si za Mwadui. Ni vumbi linalotengenezwa viwandani. Tangu mwaka 2021 kumekuwako pia chuma kiitwacho MagnaCut, kilichobuniwa na mtaalamu Larrin Thomas, ambacho kina kromi karibu asilimia 11 tu, lakini karibu yote huachwa huru kuzuia kutu kwa sababu kaboni imepewa vanadi na niobi za kuungana nazo. Ni hesabu nzuri ya kemia, na hupunguza ule ugomvi kati ya kutu na ushupavu. Ugomvi wa kinoo haukuondoka, kwa maana kabidi za vanadi na niobi zingali ngumu kuliko mchanga.

Na mnunuzi asisahau kwamba jina la chuma si moto wake. Chuma kile kile kikitiwa moto kwa pupa hutoka laini, au hutoka cha kumeguka, na macho hayawezi kuona tofauti. Visu vyenye majina makubwa huigizwa sana. Jaribio la kamba litasema yale ambayo maandishi ya kwenye bapa hayasemi.

Safari iliyofuata nilimletea mjomba kisu cha kubebeshea cha chuma cha kaboni, kilichochongwa upande mmoja, na kibao kidogo cha almasi kwa ajili ya kile cha sandukuni. Kile cha kaboni alikinoa juu ya jiwe lake la zamani huku tukiongea, akakifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, akabebesha mche mmoja mbele yangu bila kusema neno. Cha sandukuni alikisugua juu ya almasi kwa muda wa chai moja, akakijaribu juu ya nywele za mkono, nacho kikanyoa. Siku hizi hukitumia kufungulia magunia ya mbolea na kukatia kamba. Watoto wake wakitaka kukiazima huwaambia kwamba wakitumie watakavyo, lakini kibao kile wasikiguse.